Safu tatu na kicheko kimoja

Rugerero ni sekta ya wilaya ya Rubavu kwa sababu sheria ilisema hivyo: Sheria Na. 29/2005 ya tarehe 31 Desemba 2005, iliyoigawa upya Rwanda katika wilaya 30. Ifungue katika Gazeti la Serikali, utaikuta imepangwa kwa safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Anayetaka kujua sheria za nchi hii zimeandikwaje, aanzie kwenye zile nafasi nyembamba kati ya safu na safu, maana neno likihama kutoka safu moja kwenda nyingine huweza kuongezeka uzito.

Zamani Mnyarwanda hakuwa hata na safu yake. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Agosti 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, na amri zilizotungwa kwa ajili ya Kongo zikawa zinavushwa mpaka kwa tangazo la gavana. Watu wa Gisenyi, mji wa Rubavu ulio mpakani, walizoea samaki na vitenge kuvuka kutoka Goma upande wa Kongo; kumbe na sheria nazo zilivuka. Uhuru ulipatikana mwaka 1962, lakini maandishi hayo yakabaki vitabuni. Yalifutwa yote kwa mkupuo mwezi Agosti 2019.

Kwa waandishi wa sheria, mtihani mgumu zaidi ulikuwa gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya 1994. Oktoba 2001 wananchi walichagua mahakimu wapatao 250,000, inyangamugayo, wengi wao wakulima ambao hawakuwahi kusomea sheria. Sheria ya kwanza, ya Januari 2001, ilitaka mahakimu 19 katika kila baraza. Mwaka 2004 wakapunguzwa kuwa 9, na mwaka 2007 wakawa 7. Makundi ya watuhumiwa nayo yakapunguzwa kutoka manne hadi matatu. Ni rahisi kumcheka fundi anayekata kitambaa kabla hajampima mtu, ila magereza yalikuwa yamefurika na hakuna nchi iliyokuwa na kielelezo cha kuigwa. Gacaca ilipofungwa tarehe 18 Juni 2012, kesi zaidi ya milioni 1.9 zilikuwa zimeamuliwa na watu waliolazimika kujifunza sheria upya kila ilipobadilishwa.

Kosa la kalamu lililo wazi zaidi, kwa maoni yangu, limo katika Sheria Na. 18/2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari. Haja ya sheria yenyewe haina ubishi katika nchi iliyoona yaliyotokea 1994. Lakini miongoni mwa matendo yaliyotajwa humo ni kucheka msiba wa mtu, kudhihaki, kujigamba na kuchochea kinyongo, na adhabu ilikuwa kifungo cha miaka 10 hadi 25. Sasa kicheko kinapimwaje? Watu wawili wanagombania mpaka wa shamba, mmoja anacheka, mwenzake anakwenda kushtaki. Hakimu atatafuta nia iliyo moyoni mwa aliyecheka, na kifungu hakimwambii aitafute wapi.

Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyolalamikia utata huo, na serikali ikakubali kuipitia upya sheria. Sheria Na. 84/2013 ikataka tendo liwe la makusudi na lifanywe hadharani, na kifungo kikashuka. Mwaka 2018 ikaandikwa tena, kifungo kikawa miaka 5 hadi 7. Wakosoaji wanasema bado ni pana mno. Hata hivyo, ukiziweka sheria hizo tatu mezani pamoja utaona mwandishi anavyohangaika kuutafuta mstari kati ya neno baya na jinai, na safari hii ameukaribia kuliko ile ya kwanza.

Turudi kwenye zile safu. Februari 2017 wabunge walipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mfanyabiashara wa Rubavu anayebembeleza wateja wa Goma kwa Kiswahili tangu alfajiri alikuwa na haki ya kufurahi. Sheria hiyo ilichapishwa gazetini kama kawaida, kwa safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.