Mahaba na Kitanzi Huko Wyoming

Riwaya ya The Virginian, aliyoitoa Owen Wister mwaka 1902, yaanzia Medicine Bow, kimji cha kando ya reli katika Wyoming, Marekani, chenye majengo 29 tu. Mchunga ng'ombe ambaye jina lake halitajwi ampenda Molly Wood, mwalimu aliyetoka Vermont. Ni penzi tamu, nalo limebebeshwa mzigo mzito.

Shujaa huyo ashiriki kuwanyonga wezi wa ng'ombe bila ya kesi, mmoja wao akiwa rafiki yake, Steve. Molly afadhaika. Jaji Henry, ambaye ndiye bwana wa shujaa na mwenye ng'ombe (shahidi gani huyo!), amweleza kuwa mahakama zimeshindwa, basi raia wameitwaa haki yao. Hatimaye Molly aolewa. Na msomaji, aliyekwisha kuitamani harusi, hujikuta amekisamehe kitanzi.

Tarehe 20 Julai 1889 wenye mifugo wa Wyoming walimnyonga Ella Watson pamoja na James Averell, wakidai kuwa ni wezi wa ng'ombe. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 1892 matajiri wakaleta wapiga bunduki kutoka Texas, wakamuua Nate Champion. Aliyeliongoza kundi hilo, Frank Wolcott, ndiye aliyempokea Wister shambani kwake mwaka 1885.

Watson alikuwa na kiwanja chake na ng'ombe wake wachache, katika nchi iliyowapa wanawake kura tangu 1869. Riwayani mwanamke hanyongwi. Hufundisha, huuliza, akatulizwa.