Fahamu jinsi betri ya moyo inavyoziba pengo la mapigo

Na Mwandishi Wetu, Chalinze

KUZIMIA ghafla ni miongoni mwa matukio ambayo jamii nyingi za Mkoa wa Pwani huyapa majina mengi kabla ya kuyafikisha hospitalini. Wapo wanaosema mgonjwa ana kifafa, wapo wanaosema amepandisha mapepo, na wapo wanaolitupia lawama jua kali la mchana. Hata hivyo, wataalamu wa tiba ya moyo wanaeleza kuwa baadhi ya watu hao huanguka kwa sababu moja: moyo wao umesita kupiga kwa sekunde chache.

Kwa mji kama Chalinze, jambo hilo si dogo. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro inapoachana na ile iendayo Segera, Tanga na Arusha, hivyo mabasi na malori hupita usiku na mchana. Dereva ambaye moyo wake utasita kwa sekunde 8 akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lake litakuwa limekwenda karibu mita 180 kabla hajajitambua. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa akianguka shambani huenda akaamka na kuendelea na kazi; dereva huenda asipate nafasi hiyo, na abiria wake pia.

Kifaa kinachowekwa mwilini kuzuia hatari hiyo kitaalamu huitwa pesimeka, lakini wananchi wengi wamekizoea kwa jina la betri ya moyo. Jina hilo limeenea, ila halielezi kazi yake kikamilifu. Betri ni sehemu moja tu ya kifaa. Kazi kubwa ya pesimeka ni kusikiliza, kuhesabu muda, na kuamua iwapo kuna haja ya kuusaidia moyo au kuuacha ujiendeshe wenyewe.

Umeme wa moyo

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, sawa na takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzia kwenye kifundo kidogo kilicho juu katika chumba cha kulia cha moyo. Kifundo hicho huzalisha umeme hafifu ambao husambaa katika vyumba viwili vya juu, hupita katika kifundo cha pili kilichopo katikati, kisha hushuka kwa njia maalumu hadi vyumba viwili vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini kote.

Hitilafu inaweza kutokea mahali pawili. Kwanza, kifundo cha juu kinaweza kuchoka na kuacha kutoa umeme kwa muda. Pili, umeme unaweza kutoka vizuri lakini ukakatikia njiani, usifike vyumba vya chini. Inapotokea hali hii ya pili, sehemu za chini za moyo huweza kujaribu kupiga zenyewe, lakini kwa kasi ndogo, pengine mara 20 hadi 40 tu kwa dakika, na kasi hiyo haiaminiki.

Si kila pengo ni la hatari. Moyo wa mtu aliyelala, au wa mwanariadha, hupiga polepole bila madhara yoyote. Madaktari huanza kutilia shaka pengo la sekunde 3 na kuendelea kwa mtu aliye macho, hasa likiambatana na kizunguzungu. Moyo ukinyamaza kwa sekunde kati ya 5 na 10, ubongo hukosa damu ya kutosha na mtu hupoteza fahamu. Mwili unaweza hata kutetemeka, na hapo ndipo wengi hudhani ni kifafa.

Miongoni mwa visababishi ni uzee unaokakamaza njia za umeme wa moyo, mshtuko wa moyo, na maradhi ya misuli au vali za moyo. Wapo pia watoto wanaozaliwa na tatizo hilo. Visababishi vingine hurekebishika bila upasuaji, kama vile baadhi ya dawa za shinikizo la damu, wingi wa madini ya potasiamu kwa mgonjwa wa figo, au upungufu wa homoni za tezi la shingo. Ndiyo maana daktari huchunguza hayo kwanza kabla ya kuamua kuweka kifaa.

Jinsi kifaa kinavyosikia

Pesimeka ya kawaida ni kikasha chenye uzito wa takriban gramu 20 hadi 30. Huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, katika upasuaji mdogo ambao mgonjwa hupewa ganzi ya eneo hilo tu. Kutoka kwenye kikasha hicho, waya mmoja au miwili hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, na ncha yake hushikizwa kwenye ukuta wa ndani wa moyo.

Waya huo huo hufanya kazi mbili: kuleta taarifa na kupeleka umeme. Vyumba vya chini vinapopiga, hutoa wimbi la umeme la milivolti chache ambalo ncha ya waya hulinasa. Daktari hupanga kiwango cha chini cha kusikia, kwa mfano milivolti 2. Wimbi lililo juu ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa pigo la moyo. Lililo chini yake hupuuzwa, kwa kuwa huenda ni umeme wa misuli ya kifua tu.

Kila pigo linaposikika, saa iliyomo ndani ya kifaa huanza kuhesabu upya. Ikiwa kifaa kimepangwa kulinda kasi ya mapigo 60 kwa dakika, saa hiyo husubiri milisekunde 1,000, yaani sekunde moja kamili. Pigo la asili likija kabla ya muda huo kwisha, kifaa hukaa kimya na kuanza hesabu nyingine. Lisipokuja, kifaa hutuma umeme wa volti chache kwa muda usiofika nusu ya milisekunde moja, na moyo hupiga. Kwa hiyo pengo ambalo lingefika sekunde 6 au 8 huzibwa likiwa na sekunde moja tu, na mgonjwa kwa kawaida hahisi chochote.

Kwa mfano wa nyumbani, pesimeka ni kama jenereta inayojiwasha yenyewe umeme wa TANESCO unapokatika na kujizima umeme unaporudi. Tofauti ni kwamba jenereta hiyo hufanya uamuzi wake upya katika kila pigo.

Kifaa chenye waya miwili husikiliza vyumba vya juu na vya chini. Vyumba vya juu vinapopiga, husubiri milisekunde 150 hadi 200 kuona kama umeme umefika chini. Usipofika, huupeleka chenyewe, ili vyumba vyote viendelee kupiga kwa mpangilio wa asili.

Tangu mwaka 1958

Pesimeka ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa Oktoba 8, 1958 katika Hospitali ya Karolinska nchini Sweden. Daktari wa upasuaji alikuwa Åke Senning, na mhandisi aliyeitengeneza alikuwa Rune Elmqvist. Kifaa hicho kilidumu kwa saa chache tu kabla ya kubadilishwa. Mgonjwa aliyewekewa, Arne Larsson, alitumia zaidi ya vifaa 20 katika maisha yake na alifariki dunia mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya daktari na mhandisi waliomwokoa kutangulia.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa viziwi. Vilitoa umeme kwa kasi ileile bila kujali moyo unafanya nini, na umeme ukiangukia wakati mbaya katikati ya pigo la asili, moyo unaweza kuingia katika mtetemo wa kuua. Uwezo wa kusikiliza kwanza ulikuja katika miaka ya 1960. Kabla ya tiba hii kupatikana, karibu nusu ya wagonjwa waliokuwa wakizimia kutokana na umeme wa moyo kukatika kabisa walifariki dunia ndani ya mwaka mmoja.

Si vifaa vyote vinafanana

Wananchi wengi huviita vifaa vyote vya moyo kwa jina moja, ingawa kazi zake hutofautiana. Kipo kinasa mapigo, kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua bila waya wa kuingia moyoni. Hicho hurekodi mapengo, kwa mfano yanayozidi sekunde 3, lakini hakitibu. Hutumika kwa mtu anayezimia mara moja moja na ambaye vipimo vya hospitalini havikuonyesha kitu.

Kipo pia kifaa cha kushtua moyo, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwekwa kwa binadamu mwaka 1980 nchini Marekani kutokana na kazi ya Dk. Michel Mirowski na wenzake. Hicho hutafuta hatari ya aina nyingine: moyo unaokimbia kupita kiasi. Kikishathibitisha hatari hiyo, hutoa umeme mkubwa wa kuurudisha moyo katika utaratibu. Baada ya mshtuo, moyo huweza kunyamaza kidogo, na kifaa hicho hicho huziba pengo hilo kama pesimeka.

Kifaa kinapokosea

Pamoja na umahiri wake, kifaa kinaweza kudanganyika. Waya uliokatika au umeme wa nje unaweza kuleta kelele ambazo kifaa huzihesabu kuwa ni mapigo. Kikidhani moyo unapiga, hukaa kimya wakati ambapo moyo umesimama kweli. Kinyume chake pia hutokea: ncha ya waya ikihama mahali pake, kifaa hakisikii mapigo yaliyopo.

Makosa haya hugunduliwa kliniki, ambako mtaalamu hukisoma kifaa kwa kompyuta maalumu bila kumpasua mgonjwa. Hupima usikivu, uimara wa waya na kiasi cha betri kilichobaki. Betri hudumu kwa kawaida miaka 8 hadi 12, na ikikaribia kwisha kikasha hubadilishwa. Mgonjwa anayeacha kwenda kliniki kwa sababu anajisikia mzima anajinyima ulinzi aliokwisha kuupata kwa gharama.

Kuhusu maisha ya kila siku, simu ya mkononi inashauriwa ikae umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, wala isiwekwe kwenye mfuko wa shati ulio juu yake. Mafundi wa kuchomelea vyuma na wanaofanya kazi ndani ya vituo vya kupoza umeme, kama kile kikubwa cha Chalinze kinachopokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, wanapaswa kumweleza daktari kazi yao kabla ya kuwekewa kifaa. Madereva nao wasirudi barabarani mpaka daktari awaruhusu.

Njia ya kuifikia huduma

Kwa Tanzania, huduma hii hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyopo katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Taasisi hiyo ina jina la Rais wa Awamu ya Nne, ambaye ni mzaliwa wa Msoga, hapa hapa Chalinze. Hata hivyo, mkazi wa Lugoba, Miono au Mbwewe yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Muhimbili, na safari yake huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Msoga au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha.

Gharama ni kikwazo kingine. Mgonjwa anashauriwa kuuliza mapema kuhusu bima yake na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Aidha, ipo njia inayotafitiwa ya kutumia tena vifaa vilivyotolewa kwa watu wengine, vikasafishwa na kukaguliwa. Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani, uliohusisha nchi kadhaa ikiwamo Kenya, ulionyesha mwaka 2024 kuwa katika siku 90 za mwanzo vifaa hivyo havikuwa duni kuliko vipya katika usalama dhidi ya maambukizi.

Lakini hakuna kifaa kitakachomsaidia mtu ambaye hajapimwa. Anayezimia bila dalili ya kutangulia na kurejewa na fahamu ndani ya dakika chache, anayezimia akiwa ameketi au amelala, au anayeishiwa nguvu huku mapigo yakiwa chini ya 40 kwa dakika, anatakiwa apimwe umeme wa moyo, kipimo kijulikanacho hospitalini kwa kifupi cha ECG. Kipimo hicho hakina maumivu na huchukua dakika chache. Kisipokuwepo katika kituo cha karibu, mgonjwa aombe rufaa.

Ndugu aliyeshuhudia tukio afuatane na mgonjwa, kwa kuwa aliyezimia hawezi kusimulia kilichompata. Aeleze alianguka vipi, rangi ya uso ilikuwaje, alikaa muda gani bila fahamu, na ni dawa zipi anazotumia. Maelezo hayo humsaidia daktari kutofautisha kifafa na moyo uliosita, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mgonjwa apewe vidonge asivyovihitaji au kifaa kitakachomlinda.