Mseto wa Chunguni na Mseto wa Shambani

Mgeni akikaribishwa mseto katika nyumba ya pwani huletewa mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja hata vikalainika, na jina lenyewe lina nasaba na kuseta, yaani kuponda. Wala aliyelitoa neno hili jikoni akalitia katika elimu ya kilimo hakukosea sana, maadamu alitaka kueleza mazao mawili yanayoishi pamoja, jambo ambalo wakulima wetu walilitenda zamani kabla ya wataalamu kulitafutia jina. Walakini maneno huhama. Siku hizi kilimo mseto aghalabu hufahamika kuwa ni miti iliyopandwa baina ya mazao, na kilimo mchanganyiko kimeshikwa na wanaolima na kufuga. Kwa hiyo, mintarafu ya mazao mawili katika shamba moja kwa msimu mmoja, mimi nasema kupanda mseto, kwa kuwa kitenzi humwonyesha mkulima na mbegu zake mkononi.

Ila na tutahadhari na ile maana ya kuponda, kwani shambani hakuna kinachosetwa. Tuchukue alizeti, zao la mafuta lililoenea Singida na Dodoma, tuipande choroko katikati ya mistari yake: alizeti hushusha mzizi chini sana kutafuta maji, ilhali choroko hula karibu na uso wa ardhi, nayo hukomaa kwa siku 60 hadi 75 hivi, ikaondoka kabla mwenziwe hajamaliza kujaza mbegu, tena ndani ya vinundu vya mizizi yake wamo bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Tuseme, kwa mfano, alizeti imetoa 0.7 ya mavuno ambayo ingetoa peke yake, na choroko 0.5, jumla ni 1.2, maana yake aliyetenganisha mazao hayo angehitaji hekta 1.2 ili apate kilichopatikana katika hekta moja. Hesabu hiyo naiita uwiano wa ardhi.

Uwiano huo haukai mahali pamoja, bali hufuata pembejeo, na hili istilahi peke yake hailitaji. Katika udongo uliochoka, asiye na uwezo wa kununua mbolea ndiye aghalabu anayeiona faida ya mseto kwa dhahiri. Lakini yuria, mbolea ya naitrojeni, ikimwagwa kwa wingi, alizeti hunenepa na kutanda majani, choroko ikabaki kivulini, na kwa kuwa naitrojeni imeikuta tayari udongoni, nayo hupunguza vinundu vyake, hata ule usaidizi tuliousifu ukafifia. Fosforasi hali yake ni nyingine kabisa, kwani bila hiyo vinundu havistawi; mkulima mwenye fedha ya mfuko mmoja tu, na ardhi yake ina upungufu wa fosforasi, afadhali anunue mbolea ya fosfati, kama ile itokanayo na mawe ya Minjingu kule Manyara, ambayo alizeti na choroko zote mbili huila.