Kesi ya Serge Maheshe: rufaa iliyookoa watu wawili

Tarehe 13 mwezi wa sita 2007, usiku, Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi mjini Bukavu, mbele ya marafiki wake wawili. Mwezi wa nane korti ya kijeshi ikawahukumu hao marafiki kifo, kwa neno la vijana wawili waliodai wametumwa nao. Raia kuhukumiwa na askari: hapo ndipo naona kesi ilipopindia. Kisha vijana wale wakayakana maneno yao kwa barua. Wanasheria walipata vitisho, lakini hawakuiacha rufaa, na mwezi wa tano 2008 marafiki wakaachiliwa huru. Miezi sita baadaye Didace Namujimbo, wa redio ileile, naye akauawa Bukavu.