Mamlaka Ndani ya Simu: Historia ya Kuruti, Kuondoa Ruti na Kudhibiti Programu za Mfumo kwa Mtazamo wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kuruti simu za Android, kuziondolea ruti na kudhibiti programu za mfumo tangu mwaka 2008. Yanaisoma historia hiyo kwa kuzingatia hali ya watumiaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba swali la ruti si la ufundi pekee. Ni swali la nani mwenye mamlaka ya mwisho juu ya kifaa ambacho mtu amekinunua kwa fedha zake. Inaonyeshwa kwamba mlango uliofungwa kwa mwenye simu haukufungwa kwa wote, na kwamba nafuu iliyopatikana kwingineko ilitokana na sheria na maamuzi ya wasimamizi wa masoko, wala si na mafundi. Mwisho yanatolewa mapendekezo matatu ya kisera.

1.0 Utangulizi

Nakivale, iliyoko katika Wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Baadaye walifuata Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Makazi hayo yamegawanywa katika kanda za Base Camp, Rubondo na Juru. Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, ndiyo mji mkubwa ulio karibu, na ndiko mkazi wa Nakivale huelekea anapohitaji bidhaa au huduma isiyopatikana makazini.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 ziliwapa wakimbizi nchini Uganda haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Oxford ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi, iliyoandikwa na Alexander Betts na wenzake, iliitumia Nakivale kama mojawapo ya maeneo ya utafiti. Ilieleza kwamba wakimbizi hao si wapokeaji wa misaada tu, bali ni wafanyabiashara waliofungamana na masoko ya nje ya makazi, na pia ni watumiaji na wabunifu wa teknolojia. Katika uchumi wa namna hiyo simu ni pochi, ni daftari la biashara, ni kabati la nyaraka, na ni njia pekee ya kuwafikia ndugu waliobaki Kivu au Bujumbura. Anayeitawala simu hiyo anatawala sehemu kubwa ya maisha ya mwenyewe.

2.0 Mzizi wa Jambo

Neno ruti limetokana na mfumo endeshi wa Unix ulioanza kubuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Katika mfumo huo, mtumiaji mkuu aliyeitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi ndiye aliyeweza kusoma, kubadili na kufuta faili lolote. Android ilijengwa juu ya Linux, mfumo uliorithi mpangilio huo. Hata hivyo, simu ilipofika mikononi mwa mnunuzi, nafasi ya mtumiaji mkuu ilikuwa imefichwa. Mwenye simu alibaki mgeni wa heshima ndani ya nyumba yake: anaruhusiwa kukaa sebuleni, lakini ghala limefungwa.

Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa kwa umma, HTC Dream, ilitoka Oktoba 2008. Mwezi uliofuata watumiaji waligundua kwamba maneno yaliyochapwa katika simu hiyo yalikuwa pia yakipelekwa kimyakimya kwa mfumo kama amri za mtumiaji mkuu. Aliyeandika neno la kuwasha upya aliona simu yake ikizima na kujiwasha. Kasoro hiyo ilirekebishwa haraka, lakini ilikuwa imekwisha kufungua njia. Kuanzia hapo, kuruti kukawa na maana ya kutumia kasoro au kufungua butiloda, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa, ili kupata mamlaka yaliyofichwa.

Sababu za kufunga ghala hilo hazikuwa za ubinafsi mtupu. Programu za mfumo hukaa katika sehemu ya hifadhi isiyoandikika ili kosa la mtumiaji au programu hasidi isiiue simu. Tatizo ni kwamba katika sehemu hiyohiyo watengenezaji na kampuni za simu waliweka pia programu zisizohitajika kwa uendeshaji: michezo, maduka, vivinjari vya ziada na programu za matangazo. Kufuli lililowekwa kwa ajili ya usalama likawa pia linalinda biashara.

3.0 Kutoka Kuruti hadi Kuzima

Historia ya miaka iliyofuata inaweza kusomwa kama mvutano wa hatua kwa hatua. Android 4.0 ya mwaka 2011 ilimruhusu mtumiaji kuzima baadhi ya programu za mfumo bila ruti. Mwaka 2012 ilitokea SuperSU ya Jorrit Jongma, iliyomwezesha mwenye simu kuamua ni programu ipi ipewe mamlaka ya ruti. Android 5.0 ya mwaka 2014 ilikaza ulinzi wa ndani, na Android 7.0 ya mwaka 2016 ikatilia mkazo ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwashwa, kiasi kwamba simu iliyobadilishwa sehemu ya mfumo ingeweza kukataa kuwaka. Mwaka huohuo John Wu alitoa Magisk, ambayo hupitia katika faili la kuwashia simu bila kuigusa sehemu ya mfumo.

Kuondoa ruti nako kuna historia yake. Wengi hudhani kwamba kurejesha simu katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio kunafuta ruti. Sivyo ilivyo: kitendo hicho hufuta data ya mtumiaji, lakini ruti iliyoandikwa katika sehemu ya mfumo hubaki. Inabidi ama kutumia amri ya kuondoa ruti iliyomo ndani ya programu iliyoiweka, ama kurudisha faili halisi la kuwashia, ama kuflashi mfumo asili wa mtengenezaji. Katika simu nyingi za Samsung tangu mwaka 2013, hata kufanya hivyo hakufuti alama ya kielektroniki inayoonyesha kwamba simu iliwahi kuguswa. Watumiaji wengi huondoa ruti kwa sababu programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyorutiwa. Huduma za pesa zinazotumia misimbo ya nyota na reli, kama *165# ya MTN, hazina ukaguzi wa namna hiyo.

4.0 Gharama Zinazoonekana Nakivale

Katika mazingira ya kipato kidogo, programu ya mfumo isiyotakiwa ina gharama ya aina tatu. Ya kwanza ni nafasi. Simu nyingi za bei nafuu zilikuja na hifadhi ya gigabaiti 8 au 16, na sehemu kubwa ikiwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kufuta programu ya mfumo kwa ruti hakumwongezei mtumiaji nafasi ya kuhifadhi picha, kwa kuwa sehemu ya mfumo imetengwa. Kinachorudisha nafasi ni kuondoa masasisho ya programu hiyo na data yake, jambo linalowezekana bila ruti. Google yenyewe ilikiri ugumu wa simu ndogo ilipotoa Android Go mwaka 2017 kwa simu zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au pungufu.

Gharama ya pili ni data. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa na kodi ya asilimia 12 kwenye data. Tangu hapo, programu inayojisasisha yenyewe usiku bila ridhaa ya mwenye simu humlipisha si bando tu, bali pia kodi ya bando.

Gharama ya tatu ni hatari ya kupoteza. Kufungua butiloda kwa kawaida hufuta kila kilichomo katika simu, na kuflashi faili lisilo sahihi kunaweza kuiua simu au kufuta namba yake ya utambulisho. Kwa mkimbizi, kilichomo kinaweza kuwa picha za vyeti vilivyoungua, namba za ndugu waliotawanyika na ujumbe kuhusu maombi yake ya hifadhi. Hata laini yenyewe haikupatikana kirahisi. Masharti ya utambulisho yaliwazuia wakimbizi wengi kusajili laini kwa majina yao, hadi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipoelekeza kwamba vitambulisho vya wakimbizi na barua za uthibitisho za Ofisi ya Waziri Mkuu zikubaliwe. Mtu aliyehangaika hivyo kupata laini hawezi kuichezea simu kama mpenda majaribio.

Kwa hiyo mwenye simu humtegemea fundi. Fundi huyo, awe kibandani Nakivale au dukani Mbarara, hukabidhiwa kifaa kikiwa wazi pamoja na neno la siri. Kwa saa chache anakuwa yeye ndiye mtumiaji mkuu. Uhusiano huo umejengwa juu ya uaminifu, wala hauna mkataba ulioandikwa.

5.0 Ruti ya Wengine

Hoja ya kawaida dhidi ya kuruti ni kwamba mamlaka hayo yakifunguliwa, wahalifu wataingia. Historia inaonyesha kwamba waliingia kabla. Mwaka 2019 Google ilithibitisha kwamba programu hasidi ya Triada ilikuwa imepenyezwa katika mifumo ya baadhi ya simu kupitia mzabuni wa tatu kabla simu hazijauzwa. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na Triada na xHelper, zikijaribu kuwaunganisha wamiliki na huduma za kulipia wasizoziomba. Kampuni mama, Transsion, ilimtaja mzabuni asiyejulikana katika mnyororo wa ugavi kuwa chanzo.

Utendaji wa xHelper, kama Kaspersky ilivyoueleza Aprili 2020, una funzo kubwa. Katika simu za Android 6 na 7 ilijipatia ruti yenyewe, ikajiandika katika sehemu ya mfumo, kisha ikabadili faili la msingi ili hata mtumiaji mwenye ruti asiweze kuifuta. Kurejesha simu katika hali ya kiwandani hakukusaidia. Dawa ilikuwa kuflashi mfumo safi, na hata hivyo Kaspersky ilitahadharisha kwamba baadhi ya mifumo ya asili ilikuja na uchafu ndani yake. Maana yake ni kwamba fundi wa kuflashi, anayeweza kuonekana kuwa mvunja kanuni, alikuwa tabibu pekee aliyebaki.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na watafiti wa IMDEA Networks ya Madrid na wenzao ulichunguza programu za awali katika simu zaidi ya 1,700 za chapa 214. Uliona mtandao wa makubaliano kati ya watengenezaji, kampuni za matangazo na wengineo ambao mtumiaji hauoni wala haukubali. Ghala lililofungwa kwa mwenye nyumba lilikuwa na funguo nyingi mikononi mwa wengine.

6.0 Sheria za Mbali, Simu za Karibu

Mageuzi makubwa zaidi hayakuletwa na Magisk. Mwaka 2014 Korea Kusini ilitoa mwongozo wa kuwaruhusu watumiaji kufuta programu za awali zisizo za lazima. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, pamoja na mambo mengine kwa kuwafungamanisha watengenezaji na programu zake. Januari 2020 Privacy International na mashirika mengine zaidi ya 50 yaliiandikia Google barua ya wazi kudai programu za awali ziweze kufutwa kabisa. Machi 2024 majukumu ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Ulaya yalianza kuzibana kampuni kubwa, likiwamo la kuruhusu programu nyingi ziondolewe kwa urahisi.

Mnunuzi wa Berlin alipata haki hiyo kwa sheria. Mnunuzi wa Mbarara anaitafuta kwa fundi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotambua ridhaa ya mhusika. Ina pia utaratibu wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, ambao kama ulivyo duniani kote umezaliwa kutokana na masuala ya mawimbi ya redio na usalama wa umeme. Simu inaweza kupita ukaguzi wa mawimbi huku ikiwa na mwizi ndani.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaelekeza kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, idhini ya vifaa ipanuliwe ili muagizaji atoe orodha ya programu za mfumo, kazi ya kila moja, na zile zinazoweza kuzimwa. Pili, watengenezaji wanaouza Afrika Mashariki watakiwe kutoa hadharani mafaili ya mifumo yao asili, ili fundi asilazimike kuyaokota kusikojulikana. Tatu, mafunzo ya ufundi kwa vijana wakimbizi na wenyeji yajumuishe kuzima programu bila ruti, kuhifadhi data kabla ya kuflashi, na maadili ya kutunza siri za mteja.

Kuruti kulikuwa jibu la mtu aliyenyimwa haki ndani ya mali yake. Pale haki hiyo inapotolewa, haja ya kuruti hupungua yenyewe. Pale isipotolewa, mwenye simu ataendelea kuchagua kati ya kifaa asichokitawala na kifaa anachoweza kukipoteza, na kwa mkazi wa Nakivale uchaguzi huo ni ghali kuliko bei ya simu.