Utazamaji wa eropleni na treni

Utazamaji wa eropleni na treni ni burudani ya watu wanaopenda kuangalia, kupiga picha na kuandika namba za eropleni na za vichwa vya treni, au kupanda treni kwa ajili ya safari yenyewe, si kwa sababu wana shughuli mahali inapokwenda. Neno "ndege" linaeleweka pia, lakini "utazamaji wa ndege" huweza kumpeleka msomaji kwa watu wanaotazama korongo na tai, ambao nao wana daftari na darubini zao.

Kifaa kikuu cha burudani hii ni daftari. Mtazamaji huandika tarehe, mahali, saa na namba aliyoiona. Mtu asiyeizoea kazi hiyo huona ni upuuzi. Hata hivyo madaftari hayo yamewahi kuwafikisha watu gerezani, na yamewahi pia kufichua siri za serikali.

Historia

Nchini Uingereza burudani hii ilienea baada ya mwaka 1942, pale Ian Allan, karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern Railway, alipotoa kijitabu chenye orodha ya injini zote za kampuni hiyo. Watoto wa shule walikaa stesheni na kijitabu mkononi, wakipigia mstari kila namba waliyoiona.

Huko Japani wapenzi wa treni wana majina kulingana na wanachokipenda: "noritetsu" ni wapandaji, "toritetsu" ni wapiga picha. Mhariri wa vitabu Shunzo Miyawaki alimaliza kupanda njia zote za shirika la reli la taifa mwaka 1977, jumla ya kilomita zipatazo 20,000, akaandika kitabu kilichotolewa mwaka uliofuata.

Namba ya usajili

Kila eropleni ya kiraia hubeba alama ya usajili, ambayo huanza na alama ya nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi, G Uingereza na N Marekani. Rangi na jina la kampuni hubadilishwa kwa urahisi. Namba nayo huweza kubadilishwa, lakini badiliko hilo huandikwa katika daftari la usajili la nchi, na nchini Marekani daftari hilo ni wazi kwa kila mtu. Siku hizi eropleni nyingi hutangaza mahali zilipo kwa redio, na watu wa kujitolea wenye antena ndogo nyumbani huzipokea habari hizo na kuzionyesha kwenye intaneti.

Mashtaka ya ujasusi na ushahidi

Novemba 2001 watazamaji 14, yaani Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Ugiriki baada ya kutembelea kituo cha jeshi la anga huko Kalamata wakati wa maonyesho. Kilichowaponza ni namba walizokuwa wameziandika. Walikaa mahabusu wiki kadhaa kabla ya kupewa dhamana. Aprili 2002 mahakama iliwahukumu wanane kifungo cha miaka mitatu kwa ujasusi, na sita mwaka mmoja kwa kuwasaidia. Wote waliachiwa wakisubiri rufaa, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliwafutia hatia.

Wakati huohuo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa linawasafirisha watu kwa siri kwa eropleni zilizosajiliwa kwa majina ya kampuni binafsi. Watazamaji wa Ulaya waliziona kama eropleni nyingine yoyote, wakazipiga picha na kuandika namba. Boeing 737 yenye namba N313P ilipigwa picha Palma de Mallorca, Hispania, Januari 2004. Kutoka hapo ilikwenda Skopje kumchukua Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani aliyepelekwa Afghanistan kimakosa. Waandishi wa habari walilinganisha kumbukumbu za namna hiyo na orodha za safari, wakapata mtandao mzima. Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Masedonia ilivunja haki za el-Masri. Yule aliyepiga picha pale Palma hakuwa mpelelezi. Alikuwa amekwenda kutazama eropleni tu.

Usalama

Ni lazima kukaa mbali na reli na na njia ya kurukia. Julai 2017 mtalii kutoka New Zealand alifariki katika ufuko wa Maho, kisiwa cha Sint Maarten, baada ya kuangushwa na upepo wa injini za eropleni iliyokuwa inaondoka. Katika nchi nyingi za Afrika inafaa kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha uwanja wa ndege, daraja au stesheni.

Afrika ya Mashariki

Injini zinazopendwa zaidi na wageni wanaofuata treni za mvuke ni zile za daraja la 59 za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikatengenezwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilikuwa injini kubwa kuliko zote za mvuke kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena katika Upare.

Kwa mpandaji, safari ndefu ni ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ambapo wanyama huonekana dirishani na kipande cha Mlimba hadi Makambako hupita mahandaki na madaraja mengi. Treni ya SGR ya Mombasa–Nairobi, iliyoanza 2017, hupita Tsavo mchana. Treni za umeme za Tanzania zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo.