Hotuba, Darasa au Mchezo: Jinsi Watu wa Redio Walivyojifunza Kuchagua Kipindi

Mwaka 1948 watu wa BBC walikutana na wakulima mjini Birmingham, Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini chakula kilikuwa bado cha mgawo, na serikali ilitaka kila ekari izae zaidi. Maarifa ya kilimo yalikuwepo. Kazi ilikuwa kuyafikisha kwa mkulima kupitia redio bila kumchosha. Baada ya maneno mengi alisimama mkulima mmoja wa Lincolnshire, Henry Burtt, akasema kinachotakiwa ni Dick Barton wa wakulima. Dick Barton alikuwa mpelelezi wa mchezo wa redio uliosikilizwa na mamilioni kila jioni, na kila sehemu ilikatika shujaa akiwa hatarini.

Mtayarishaji Godfrey Baseley hakulitupa wazo hilo. Mwaka 1950 alijaribu kwa wiki moja mchezo kuhusu familia ya wakulima katika kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge. Tarehe 1 Januari 1951 mchezo huo, The Archers, ulianza kusikika nchi nzima, na hadi leo uko hewani. Mawaidha ya mbolea na mifugo yaliyokuwa yakisomwa na wataalamu sasa yalipita katika vinywa vya watu wanaogombana, wanaooana na wanaodaiana.

Burtt alikuwa amemfikiria msikilizaji: jioni imefika, kazi zimekwisha, huyu mtu angependa kusikia nini? Swali hilo sasa limewafikia vijana wanaoanzisha podikasti Dar es Salaam na Nairobi. Je, waalike wageni na kuwahoji? Wakae wawili wapige soga? Au wasimulie kisa kimoja sehemu kwa sehemu? Wengi hujibu kwa kuiga podikasti wanayoipenda. Wangefanya vyema kuangalia Redio Tanzania, ambako swali hilo lilijibiwa mara mbili, kwa majibu mawili tofauti kabisa, na yote mawili yalifaa.

Jibu la kwanza lilitoka katika shida ya kusoma. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Redio ilifika mahali ambapo kitabu na gazeti havikufika, lakini lugha yake ya kufundishia ilikuwa hotuba. Mtu alizungumza studio, na hakuwa na njia ya kujua nani kamwelewa na nani kasinzia.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikageukia mtindo uliokuwa umekomaa kwingineko. Kuanzia 1941, wakulima wa Canada walikuwa wakikutana majumbani Jumatatu usiku, wakisikiliza kipindi, wakijadiliana na kupeleka maoni yao redioni. UNESCO ilisaidia kuupeleka mtindo huo India mwaka 1956, kisha Ghana. Tanzania iliujaribu kwa kampeni ndogo: Kupanga ni Kuchagua, juu ya mpango wa maendeleo, na Wakati wa Furaha, ya miaka 10 ya uhuru. Mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa kuliko zilizotangulia, Mtu ni Afya.

Kikao cha kikundi kilikwenda hivi. Majirani walikaa kuizunguka redio pamoja na kiongozi wao aliyepewa mafunzo mapema. Walisikiliza kipindi, kwa mfano cha malaria, safura au kichocho. Redio ilipozimwa, anayejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti sura ya kitabu cha kampeni, kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi ili hata aliyejifunza kusoma juzi akimudu. Kisha mazungumzo yakahamia kwao wenyewe: mbu wa hapa wanazaliana wapi? Maji tunachota wapi? Nyumba ipi haina choo? Kikao hakikukusudiwa kuishia kwenye maneno. Wanakikundi walitakiwa waamue watafanya nini, na nani ataanza.

Kampeni ilichukua wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Budd Hall, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo, aliieleza kwa kina katika tathmini yake. Matokeo yaliyoonekana kwa macho yalikuwa vyoo: vijiji vilichimba kwa wingi usiokuwa na mfano kabla yake.

Kwa nini darasa la kikundi lilifaa? Choo ni jambo la hadharani. Ukichimba, jirani anaona. Usipochimba, anaona pia. Dimbwi la mbu halina mwenyewe, na kisima ni cha wote. Mambo ya namna hii huamuliwa vizuri na watu waliokaa pamoja, kwa sababu kila mmoja anajifunga mbele ya wenzake. Chama cha TANU nacho, kwa mabalozi wake wa nyumba kumi kumi, kilisukuma watu wahudhurie na watekeleze. Mtindo ulikuwa umekutana na kazi inayoufaa na nchi iliyojipanga kuubeba. Mwaka 1975 ulitumika tena katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Kisha likaja jambo ambalo kikundi hakikuweza kulibeba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Hapa kinga haikuwa shimo la kuchimba uani. Ilikuwa katika mambo ambayo mtu hayataji mbele ya watu. Nani angekaa kwenye mduara, mkwewe yuko pembeni, aeleze ana wapenzi wangapi na wako miji gani? Redio ilihitaji mtindo wa kumfikia msikilizaji bila kumwita jina.

Mtindo huo ulikuwa umetengenezwa Mexico. Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni, alivutiwa na tamthilia ya Peru iliyoitwa Simplemente María, ya msichana wa kazi za ndani aliyeinuka kimaisha kwa ushonaji, ambayo ilifanya wanawake wengi watamani kujifunza kushona. Mwaka 1975 Sabido alitoa tamthilia yake, Ven Conmigo, kuhamasisha watu wazima wajiunge na madarasa ya kusoma. Wahusika wake aliwagawa makundi matatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na wanaoyumba katikati. Kundi la tatu ndilo alilolijali zaidi, kwa kuwa ndiko aliko msikilizaji mwenyewe. Anayeyumba akipata msimamo baada ya kuteseka, msikilizaji anaona njia anayoweza kuipita.

Kenya ilitangulia kuujaribu mtindo huu kwa Kiswahili katika mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana wa mwaka 1987. Julai 1993 Redio Tanzania ikaanza kurusha Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki, saa za jioni. Mhusika aliyetikisa nchi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wapenzi kila kituo njiani. Mkewe Tunu alianza akivumilia, akaishia kusimama kwa miguu yake na kujitafutia riziki. Mkwaju akaambukizwa. Hakuna daktari aliyehitaji kumnyooshea kidole msikilizaji, maana wasikilizaji walimnyooshea kidole Mkwaju wenyewe, na waliomfahamu mtu wa aina yake walipata njia ya kulizungumza jambo hilo kwa kumtaja yeye.

Walioandaa mchezo walikubali pia kupimwa, jambo ambalo redio hulifanya kwa nadra. Kwa miaka miwili ya kwanza, eneo la Dodoma lilirushiwa vipindi vingine saa ya mchezo ili lilinganishwe na kwingine. Watafiti, wakiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, waliwahoji watu mwaka hadi mwaka. Asilimia 82 ya wasikilizaji walisema wamechukua hatua ya kujikinga na UKIMWI kwa sababu ya mchezo huo. Mtu anaweza kujisifia tabia asiyokuwa nayo, na hapo ndipo Dodoma ilipofaa: mabadiliko yalionekana zaidi kule mchezo uliposikika. Baada ya hapo, mwaka 1995, Dodoma nayo ikafunguliwa.

Podikasti ilipoanza Marekani, karibu na mwaka 2003, ilichukua njia rahisi kuliko zote, mahojiano, kwa kuwa yanahitaji maikrofoni na watu wawili tu. Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 2014, Sarah Koenig alipoanza kutoa Serial, simulizi ya kesi moja ya mauaji ya Baltimore ya mwaka 1999, iliyofuatiliwa kwa sehemu 12. Sehemu moja ilichukua nusu saa, nyingine karibu saa nzima, kwani hapakuwa na taarifa ya habari iliyosubiri zamu yake. Koenig alimjua msikilizaji mpya: yuko peke yake, simu mkononi, anaweza kusimamisha, kurudi nyuma na kuanzia sehemu ya kwanza hata akichelewa mwaka mzima. Mtu kama huyo anaweza kufuata kisa kirefu chenye majina mengi, kazi ambayo msikilizaji wa redio aliyekosa jana asingeiweza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua maikrofoni, jibu maswali mawili. Msikilizaji wako atakuwa wapi, na nani, wakati anakusikiliza? Na ukinyamaza, unataka afanye nini? Ukitaka watu watende pamoja, watafutie kikundi na swali la kujadili. Ukigusa jambo ambalo mtu hulificha, mpe mhusika wa kulibeba kwa niaba yake. Ukitaka tu kumpunguzia upweke ndani ya daladala, soga ya watu wawili wanaopendana inatosha, wala si aibu. Mtindo uliochaguliwa kabla ya kumfahamu msikilizaji ni kubahatisha, hata ukiwa na studio ya mamilioni.